Banda la tumbili, Pemba: shajara ya ujenzi, kutoka sura ya msitu hadi kazi ya msitu

Shajara hii ni ya wale wanaotaka kujenga banda la kima, tumbili au jamaa zao na hawana fedha za kukosea mara mbili. Banda letu ni la tumbili sita waliochukuliwa majumbani, walikokuwa wakifugwa kwa mnyororo au ndani ya vizimba vya kuku. Lipo kaskazini ya Pemba, si mbali na msitu wa Ngezi. Kuwarudisha msituni kwa sasa haiwezekani, kwani wanne wamezoea watu kiasi cha kuingia jikoni na kufunua sufuria. Yaliyokwenda sawa tunayapitia haraka. Yaliyoharibika tunayaeleza kwa urefu, maana hayo ndiyo yaliyokula fedha.

9 Juni 2023. Michoro miwili

Kiwanja ni mita 10 kwa 7, kwenda juu mita 4.5. Tulikuwa na michoro miwili. Wa kwanza ulikuwa na mwamba wa saruji, kijito, miti hai ndani na nguzo zilizopakwa rangi ya magome, huku wavu ukifichwa usionekane. Wa pili ulikuwa nguzo, kamba, mapipa na sakafu ya makumbi, na ulifanana na ua wa seremala.

Ubishi wa michoro hii miwili, banda la asili au banda la kazi, umetoka kwenye bustani za wanyama, hasa mabanda ya sokwe (gorila, sokwe mtu na orangutani), na una zaidi ya miaka mia. Mwaka 1907 Carl Hagenbeck alifungua bustani yake ya wanyama Stellingen, karibu na Hamburg, akaondoa vyuma na kuweka mahandaki yasiyoonekana, mgeni akadhani mnyama yuko huru. Mwaka 1933 bustani ya London ilijenga nyumba ya gorila ya zege, ya duara, kazi ya msanifu majengo Lubetkin na wenzake wa kundi la Tecton. Baada ya hapo yakaja mabanda ya vigae na mifereji, ambayo yalisifiwa kuwa ya kazi, ila kazi yenyewe ilikuwa ya mtu wa ufagio na mpira wa maji. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bustani ya Woodland Park, Seattle, ikawaweka gorila ndani ya majani mazito, na mgeni naye akapitishwa humo humo ajione yuko msituni. Wakati huo, katika bustani yake ya Howletts, Uingereza, John Aspinall alikuwa na gorila ndani ya vizimba vya wavu mtupu, juu na pembeni, sakafu imejaa majani makavu na kamba kila upande. Hakuna aliyeviita vizimba vile vizuri, lakini gorila wake walizaa.

Kwa hiyo kuuliza “la asili au la kazi?” hakutoshi. Sisi tunauliza banda linamfaa nani: mgeni, mfagiaji au mnyama? Heini Hediger, aliyeziongoza bustani za wanyama huko Uswisi, alilisema mapema kwamba ukubwa wa eneo si kitu kama humo ndani hamna cha kufanya.

Jambo moja la sokwe halichukuliki kwa tumbili. Sokwe kwa kawaida hawaogelei, ndiyo maana kwengine huwekwa visiwani, na kwenye maji ya mahandaki wamewahi kufa. Tumbili huogelea, na huruka mbali. Handaki lolote kwake ni bure, hivyo wavu wa juu hauna mjadala.

Mwisho tuliafikiana kuchanganya: mwamba mmoja upande wa wageni, na vilivyobaki viwe vya kazi. Uamuzi huu uliridhisha pande mbili za meza. Tumbili hakuangaliwa.

6 Julai 2023. Msingi na vyumba vya kulala

Kazi ilianza baada ya Idi Kubwa. Msingi una kina cha sentimita 40 na upana wa 30, na wavu umezikwa ndani ya zege ili panya wasichimbe. Upande wa nyuma kuna vyumba vitatu vya matofali, kila kimoja mita 2 kwa 2.5. Mlango wa kuingilia watunzaji ni mara mbili, na kati yake pana chumba kidogo cha mita 1.2 kwa 1.2. Wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza umefungwa.

Kosa lilikuwa mteremko. Fundi aliupima kwa macho, maji ya kuoshea vyumba yakarudi mlangoni. Tulivunja sentimita 5 za juu za sakafu, tukamwaga upya kwa kushuka sentimita 2 kila mita. Pimamaji na uzi ni vya bei ndogo, kwa hiyo mtu asikubali jicho.

Saruji mifuko 46, sh. 874,000. Mchanga na kokoto, 620,000. Matofali 540, 864,000. Kazi, 540,000. Jumla 2,898,000.

18 Agosti 2023. Fremu, wavu, na kutu ya mapema

Mabomba ya inchi 2 yaliyopakwa zinki, 34, na vipande 75 vya wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 25, waya wa milimita 2.5. Tulishauriwa tununue wavu wa matundu ya milimita 50 kwa sababu ni rahisi zaidi na huzuia macho kidogo. Tulikataa. Mtoto wa tumbili hupenya milimita 50, na mkubwa hutoa mkono mzima akamshika mtu. Tena kunguru wa India, ambao kisiwani hapa hawaachi kitu, wangeingia kula kila asubuhi.

Wavu huu hatukuuficha. Upande na juu unatoa karibu mita za mraba 200 za eneo ambalo tumbili anaweza kupanda, kuning'inia na kupita. Ungefichwa kwa mbao au mwamba, eneo hilo lote lingekuwa la mgeni.

Kutu ilianza siku ya ishirini na tatu, kila pahala palipochomelewa. Sababu yake ni kwamba moto wa kuchomelea huiunguza zinki, chuma kikabaki uchi, na upepo wa kusi hapa hubeba chumvi hata ukiwa mbali na pwani. Fundi alikuwa amepaka rangi ya kawaida juu ya masizi, na rangi hiyo ilibanduka kama gamba la kitunguu. Matengenezo: kila kiungo kilisagwa kwa grenda mpaka chuma kikang'ara, brashi ya waya, kufuta kwa kitambaa chenye tina, kisha mikono miwili ya rangi ya zinki, saa sita kati ya mkono na mkono. Rangi ipite kiungo kwa sentimita 5 kila upande. Kazi hii ifanyike siku ileile ya kuchomelea, kabla ya umande.

Kosa la pili lilikuwa ncha za waya. Zilikatwa na kuachwa zikiangalia ndani. Tumbili hupitisha kiganja kwenye wavu akikimbia, na ncha moja yatosha kumchana. Zote zimepinduliwa nje na kusagwa. Tumekagua kwa kupitisha mfuko wa plastiki juu ya kila kiungo, unaponasa pana ncha.

Mabomba 2,312,000. Wavu 4,050,000. Meli na gari kutoka Unguja 780,000. Fundi wa kuchomelea 1,150,000. Jumla 8,292,000. Kurekebisha kutu, 388,000 zaidi.

11 Septemba 2023. Mwamba

Mwamba umekamilika kwa shida, kwa sababu vibarua wawili walikwenda kwenye karafuu na msimu huu hakuna wa kuwarudisha. Mifupa ni nondo za milimita 8, juu yake wavu wa kuku, kisha saruji moja kwa mchanga tatu, unene wa sentimita 5, ikachongwa kwa mwiko na kupakwa rangi ya matumbawe yaliyozeeka. Una urefu wa mita 2.3. Kila anayepita huusifu. Gharama 1,135,000.

6 Oktoba 2023. Tumbili ndani

Dume mmoja mkubwa, majike watatu, vijana wawili. Siku nne za mwanzo walibaki vyumba vya nyuma, milango midogo ikafunguliwa siku ya tano asubuhi, chakula kikiwa nje.

Ufuatiliaji wetu ni wa kalamu na karatasi. Banda limegawanywa kanda tatu za urefu: chini hadi mita 1, mita 1 hadi 3, na juu ya 3. Kila dakika tano kwa saa moja asubuhi na saa moja jioni mtunzaji anaandika kila tumbili yuko wapi na ameshika nini. Hizo ni alama 144 kwa siku. Njia hii ni ya bei ndogo na haina ubishi, maana karatasi haijali nani aliuchora mwamba.

Kwa wiki mbili alama za mwamba hazikufika kumi kwa siku, na karibu zote ni za kabla ya saa mbili asubuhi. Saa saba mchana tuliweka kipimajoto juu ya saruji, kikasoma nyuzi 52. Kiganja cha mtu hakikai hapo. Tena mwamba hauyumbi, hauvunjiki, hauna cha kubandua, na nyuma yake hakupitiki. Tumbili alikwisha kuujua wote siku ya kwanza.

Jike mmoja tunaeleza habari zake kwa urefu kwa sababu alibadilisha mpango wa ndani. Ana kovu la mnyororo kiunoni, upana wa kidole, manyoya hayajaota. Alikuwa anatembea chini tu. Akipanda, alikumbatia bomba la kona kwa miguu yote minne, akasimama mita moja na nusu kutoka chini, akitazama kamba iliyokuwa karibu kabisa na mkono wake. Aliigusa, ikayumba, akaurudisha mkono upesi kama aliyegusa moto. Siku ya tisa aliishika, ikazunguka, akaanguka chini. Mnyama huyu amekulia kwenye sakafu na nguzo. Kitu chenye kuyumba hakimo mwilini mwake, wakati matawi ya msituni hayatulii hata mara moja.

Tumempangia ngazi ya ugumu. Kwanza boriti imara iliyolala, kisha boriti iliyofungwa upande mmoja kwa kamba ikayumba kidogo, kisha kamba mbili sambamba zilizokazwa, na mwisho kamba moja iliyolegea. Kila hatua ina urefu wa mita 1.5 na chini yake sakafu laini ya kina. Sokwe mtu walioachiliwa kisiwa cha Rubondo kati ya 1966 na 1969 walitoka kwenye vizimba vya Ulaya, na uzao wao upo hadi leo. Mwili hujifunza tena, ila lazima pahala pawepo pa kuujaribia.

29 Oktoba 2023. Kamba, nyavu na nguzo

Hapa ndipo penye makosa mengi zaidi.

Nguzo ni za mvinje. Boriti za mikoko tumeziacha, kwa sababu mikoko imekatwa vya kutosha. Fundi alizipaka mafuta machafu ya gari kwenye ncha za chini, kama afanyavyo kwenye nyumba. Tumbili hung'ata kila kitu. Ncha zote 22 zilikatwa sentimita 50, na sasa kila nguzo imekaa juu ya kiatu cha zege, imebanwa kwa pembe ya chuma na bolti mbili, haigusi udongo. Ikioza hubadilishwa kwa spana.

Nyavu ya jarife tulitundika kama machela. Ilikaa siku mbili. Kijana mmoja alitia mkono hadi kwenye kwapa, akajizungusha, uzi ukamkaza. Mtunzaji alikuwa karibu na kisu, akamkata haraka. Hakuna nyavu ya uvuvi tena ndani ya banda hili, hata yenye matundu madogo. Badala yake tulipata mipira chakavu ya zimamoto. Imekatwa vipande vya mita 1.2, ikasukwa kama mkeka wenye nafasi za sentimita 4, kila makutano yakabanwa kwa bolti ya milimita 10 yenye washa pana pande zote mbili na nati isiyolegea. Kuitoboa kwa drili ni shida, kwani hujikunja. Tundu tulilipiga kwa tindo ya bomba iliyotiwa moto. Machela iwe kwenye kivuli, mpira wa jua huwa moto kama saruji.

Kamba tulijaribu tatu. Ya plastiki ilitoa nyuzi ndani ya wiki moja, na nyuzi hizo hujifunga kidoleni zikakata damu. Ya usumba inashikika vizuri kuliko zote na mikono ya tumbili inaipenda, lakini mvua huilegeza. Ya katani, milimita 24, ina nguvu ila huoza kwa ndani kabla hujaona kitu nje. Tumefikia hivi: njia kuu za juu ni waya wa chuma wa milimita 8 uliozungushiwa usumba kwa mkono na fundi wa madau, na matawi madogo ni usumba mtupu, hubadilishwa kila miezi minne. Wazo la waya limetoka bustani ya wanyama ya Washington, Marekani, ambako tangu 1995 orangutani hupita juu ya vichwa vya watu kwa nyaya zilizopita kwenye minara ya chuma. Minara ile haifanani na mti wowote, na mnyama anasafiri juu kama alivyoumbwa.

Kila waya umekazwa kwa skrubu ya kukazia upande mmoja na shekeli upande wa pili, klipu tatu kila mwisho. Usifunge kwenye wavu, funga kwenye bomba. Tulijaribu kila njia kwa mifuko miwili ya mchanga, kilo 60 kwa jumla, ikaning'inia usiku mzima. Dume wetu ana kilo sita na nusu, lakini akiruka hutua kwa uzito mwengine.

Kamba yenye ncha mbili zilizofungwa isilegee kiasi cha kujipinda shingoni. Kamba yenye ncha moja iishie kwenye gogo zito.

24 Novemba 2023. Vuli yaingia sakafuni

Sakafu ya kina ndiyo tuliyoiiga kutoka Howletts: majani makavu yenye kina cha kutosha, chakula kimefichwa ndani, mnyama achakure mchana kutwa. Tulitumia majani ya mpunga kwa sababu Pemba yapo tele. Kina sentimita 25, banda zima.

Mvua za vuli zilianza, na siku ya sita kukawa na harufu ya mkojo inayochoma macho, ukungu mweupe chini, na kijana mmoja akaanza kukohoa. Tuliondoa yote siku hiyo hiyo. Kikohozi kiliisha baada ya siku tano, ila daktari wa mifugo alisema ukungu wa majani yaliyooza si wa kuchezea. Huko Howletts, katika jimbo la Kent, kuna baridi. Kwetu unyevu hauondoki.

Matengenezo: theluthi moja ya banda ina paa la makuti, juu ya wavu. Chini yake tumeweka kokoto sentimita 10, kisha makumbi yaliyokatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, sentimita 20. Maji hupita, makumbi hayashikani. Yanageuzwa kwa uma kila asubuhi, ya juu hutolewa kila wiki, yote kila miezi mitatu. Pasipo paa ni udongo na nyasi. Kokoto na makumbi 230,000, paa 190,000.

Makuti tulitandika sentimita 4 juu ya wavu. Yalivutwa ndani yote kwa siku mbili, na hapo hatuna wa kumlaumu. Sasa nafasi ni sentimita 30.

17 Disemba 2023. Miti, vificho na mwisho wa mwamba

Mikungu mitatu na mipera miwili tuliyopanda ndani mwezi wa Julai imekufa, kila gome hadi usawa wa mita 3 limebanduliwa. Bustani ya Arnhem, Uholanzi, ilipofungua eneo la sokwe mtu mwaka 1971 ililazimika kuilinda miti yake hai kwa nyaya za umeme. Basi mti upo, majani yapo, na mnyama haruhusiwi kuugusa. Hiyo ni picha ya mti tu. Sisi tumepanda mikungu mengine nje, mita 1.5 kutoka kwenye wavu, kivuli kiingie chenyewe. Majani na matawi ya kuvunja tunayakata na kuyatia ndani kila siku, mipera na mikungu, fungu mbili asubuhi. Kabla ya saa tisa hakuna jani.

Uzio wa mibono koma uliokuwa nyuma tumeung'oa. Ulikuwa unakaribia wavu, na mbegu zake ni sumu. Kagua mita mbili kuzunguka banda lote.

Mwezi huu jike wa kovu aliumwa sikio. Dume alimfuata hadi kwenye sanduku la kulalia lenye mlango mmoja. Kosa ni letu. Kila kichaka cha msituni kina njia nyingi, na sanduku letu lilikuwa mtego. Sasa kila jukwaa, kila sanduku na kila chumba kina njia mbili zisizoonekana kutoka pahala pamoja, tundu la sentimita 25 kwa 25. Tumeongeza nusu za mapipa ya plastiki sita kama kuta za kujificha macho, zimetobolewa chini maji yatoke, kingo zimesagwa na kuzungushiwa usumba. Ni ya buluu, na buluu yake inaonekana kutoka barabarani. Lakini tangu yawekwe jike yule hula akiwa ametulia, anajua akitaka kutoonekana atafanya nini.

Mwamba umevunjwa leo. Nyundo, siku mbili, 210,000. Pamoja na kuujenga, umetutoka kwa 1,345,000. Nguzo, kamba, waya, bolti, klipu na mapipa yote ya ndani yamegharimu 1,335,000. Vifusi vya mwamba tumevifanya kokoto za njia ya wageni.

20 Januari 2024. Kula kama kazi

Gombe, mwaka 1960, mtafiti Jane Goodall aliona sokwe mtu wakivua mchwa kwa vijiti, na tangu hapo bustani nyingi zimejenga vichuguu vya bandia vyenye asali au uji ndani. Hal Markowitz, katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, alikwenda mbali zaidi katika miaka ya 1970, giboni (sokwe wadogo wa Asia) wakivuta wenzo kupata chakula. Mashine hatukuitaka, ikiharibika hapa hukaa miezi bila ya kipuri.

Tumetumia mianzi na bomba za maji za plastiki, urefu sentimita 40, matundu ya milimita 20, zimejazwa njugu, mtama na vipande vya muhogo. Tulianza na tatu. Dume alizikalia zote tatu, akizunguka kama mlinzi, na majike hawakula kitu. Sasa ziko kumi kwa tumbili sita, na hakuna mbili zinazofikika kwa kukaa pamoja. Vituo vizidi wanyama, na nusu yake viwe nyuma ya mapipa. Milimita 30 ni tundu kubwa mno, chakula huisha kwa dakika kumi. Milimita 15 huwachosha wakaacha. Mianzi hupasuka ikawa na makali, kagua kila siku.

16 Februari 2024. Wageni, na mlango ulioanguka

Skuli mbili zimekuja. Mwalimu mmoja alisema watoto wataona jela. Neno hilo tumelichukua kwa uzito, kwa sababu hoja ya wale wa Seattle si ya urembo peke yake: mtoto anayemuona mnyama ndani ya vyuma hujifunza kumdharau. Pemba tumbili ni mwizi wa ndizi na muhogo, dharau ipo kabla ya kufika bandani.

Basi sura tumeihamishia upande wa watu. Njia ya wageni inapita kati ya migomba, mikungu michanga na mikadi, na ukuta wa makuti wenye nafasi ya kuchungulia, upana wa mita 3, upande mmoja tu wa banda. Njia imeshushwa nusu mita, na majukwaa ya tumbili yako mita 3 juu, kwa hiyo mtoto anatazama juu na tumbili anatazama chini. Hapo mtoto hawezi kumzomea aliye juu yake. Kati ya ukuta na wavu ni mita 2, kwa sababu kikohozi na kifua kikuu cha watu humwambukiza tumbili. Mwenye mafua haingii, hata akiwa mgeni rasmi. Makuti na mimea, 410,000.

Mlango wa kushuka kati ya vyumba ulianguka tarehe 11. Una kilo 9, huinuliwa kwa kamba kupitia kapi. Kapi lilikuwa la dau dogo, mfereji wake mwembamba kuliko kamba, likaisaga taratibu. Hakukuwa na mnyama chini. Mkia wa tumbili ungekatika. Sasa milango yote mitatu ina waya wa milimita 4 badala ya kamba, uzito wa kusawazisha wa kilo 8 upande wa pili, msumari wa chuma wa kuishikilia ikiwa juu, na chini imebaki nafasi ya sentimita 3 yenye kipande cha mpira.

8 Machi 2024. Kabla ya masika

Mafundi wamemaliza kabla ya Ramadhani. Viungo vyote vimekaguliwa, kutu imerudi pahala pane, imesagwa na kupakwa. Usumba wa matawi madogo umebadilishwa wote. Waya mmoja ulikuwa umelegea sentimita 6, umekazwa.

Karatasi za Februari: alama za juu ya mita 3 ndizo nyingi kuliko kanda nyengine mbili zikijumlishwa, isipokuwa saa ya kutafuta chakula kwenye makumbi. Jike wa kovu amefika hatua ya kamba mbili sambamba. Anavuka asubuhi, dume akiwa bado chini. Kamba moja iliyolegea hajaigusa.

Jumla ya ujenzi, bila ya chakula na mishahara ya watunzaji, ni sh. 15,088,000. Milango mipya imetengenezwa kwa vyuma vilivyobaki.

Kazi zilizobaki: mfereji wa nje wa maji ya paa, kipimo cha unyevu ndani ya makumbi kila wiki ya masika, na sanduku la nne la kulalia, lenye njia mbili, juu ya kona ambako jike yule hukaa jua likizama.